Nichape Ngapi, Mwalimu?

Swali liliulizwa na kijana wa saiba, mkono mmoja kwenye kipanya, wa pili ukipangusa vumbi juu ya ribota la karatasi nene za rangi ya maziwa. Ilikuwa Jumanne moja ya Oktoba, saa kumi na moja jioni, Githurai 45. Nje, wenye nyanya na vitunguu walikuwa wameshasogea hadi ukingoni mwa reli, na sauti za makanga wa Thika Road zilikuwa zinaingia dukani bila kubisha hodi. Mwalimu wa Gredi ya 4 alikuwa amekuja na daftari lenye majina 46. Shule ilikuwa inafungwa Ijumaa, na hiyo ndiyo siku ya zawadi.

"Nichape ngapi, mwalimu? Vyeti vitatu vya wale wa kwanza, ama vya darasa lote?"

Nikiri mapema: watu waliomo humu nimewatunga, na saiba hiyo utaitafuta hadi Kimbo usiione. Hoja zao sikuzitunga. Nimezisikia kwenye mikutano ya wazazi na ndani ya matatu, na nyingine zinagombana kichwani mwangu mwenyewe hadi leo. Nimewapanga watu hawa kwenye foleni moja kwa sababu foleni ya Githurai haina siri. Ukisema jambo lako kwa sauti ya kawaida, limeshakuwa la umma.

KONDAKTA: Vitatu, mwalimu. Usimsumbue kijana. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wengine wapige makofi waende nyumbani.

MAMA MBOGA: Na wako ni wa ngapi?

KONDAKTA: Hapo ndipo pananiwasha, mama. Sijui. Mimi nilisoma mfumo wa zamani wa 8-4-4, nikashika mkia, na nilijua nimeshika mkia. Baba alijua. Siku ya kufunga shule hata mbwa wetu alinikwepa. Leo mtoto ananiletea karatasi, imeandikwa "anakaribia matarajio". Matarajio ya nani? Anakaribia akitokea wapi? Abiria akiniuliza tumefika wapi, siwezi kumjibu "tunakaribia". Namwambia tuko Roysambu, bado Kasarani, halafu ni sisi.

Foleni ilicheka, lakini kicheko cha watu wenye karatasi hiyo hiyo nyumbani. Tangu mtaala wa umilisi uanze kote nchini mwaka 2019, mzazi wa shule ya msingi hasomewi nafasi ya mtoto darasani. Anasomewa viwango vinne: amezidi matarajio, amefikia, anakaribia, au yuko chini. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliokuwa ukitupa namba kila mwaka tangu 1985, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Hata kabla ya hapo serikali ilikuwa imeanza kuchoka na namba: mwaka 2014 waziri Jacob Kaimenyi alipiga marufuku kupanga shule na watahiniwa kwa ubora wa matokeo. Marufuku ilitangazwa. Mabango yenye picha za watoto na alama zao yakaendelea kuning'inia kwenye mageti ya shule. Jirani zetu nao wamefika huko. Mwanzoni mwa 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania, kupitia Athumani Amasi, lilisema halitatangaza tena shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora, kwa kuwa hakuna tija kuwashindanisha watoto waliosomea katika mazingira tofauti.

Kwa hiyo mwalimu wetu, aliyetaka vya darasa lote, hakuwa mkaidi. Alikuwa na mtaala nyuma yake. Lakini kondakta alikuwa na mtaa nyuma yake.

KONDAKTA: Sisi tunaishi ndani ya namba, mwalimu. Mtaa wenyewe umepewa jina na matatu. Huku 45, kule ng'ambo 44. Ondoa namba uone kama utafika nyumbani.

MWALIMU: Kweli kabisa. Sasa niambie, wale wa 44 wametushinda kwa nafasi moja?

KONDAKTA: Ah, hapana. Hiyo ni ruti tu.

MWALIMU: Basi na mimi nawapa ruti. Namba ya kumtambua mtoto siikatai. Ninayoikataa ni ya kumpanga.

KONDAKTA: Umenifunga hapo. Lakini chanda chema huvikwa pete, mwalimu. Sijasikia methali ya kuvika vidole vyote.

MAMA MBOGA: Na bila kidole gumba, hiyo pete utaivisha na nini?

Nilidhani mama mboga amejiunga na upande wa mwalimu. Haikuwa hivyo. Aliweka chini mfuko wa sukuma, akamgeukia mwalimu.

MAMA MBOGA: Lakini na nyinyi wa "wote wapewe" nina neno nanyi. Mwaka jana tulichangishwa pesa ya zawadi. Nikalipa. Nikafunga kibanda, nikakosa soko la jioni, nikaketi chini ya hema lililotoboka. Wangu akaitwa, akavishwa medali ya plastiki, nikapiga vigelegele hadi koo likakauka. Halafu nikatupa macho: wote wamevaa. Nikasema sawa, labda wote ni wazuri. Tukiwa njiani nikamuuliza, "Wewe umetuzwa kwa nini?" Akanijibu, "Tumepewa." Sikia vizuri. Hakusema amepewa. Tumepewa, kama maziwa ya Nyayo.

Wasomaji wa umri wangu wataelewa bila kuelezwa. Kuanzia 1979 watoto wa shule za msingi Kenya waligawiwa maziwa ya bure, pakiti zenye pembe tatu, na tuliyanywa kwa furaha kubwa. Lakini hakuna aliyekwenda nyumbani kujisifu kwamba ameshinda maziwa. Mgao ni kitu kizuri. Tatizo ni mgao unapovishwa joho la tuzo, ukachangishiwa pesa na kupigiwa spika. Mtoto wa miaka tisa hadanganyiki. Anahesabu medali haraka kuliko mama yake.

Hapo akaingilia mwanachuo mmoja wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, hapo juu tu Kahawa, aliyekuja kuchapa tasnifu yake na ambaye, kama wanachuo wote wanaokaribia kumaliza, alikuwa akitafuta mtu wa kumsomea.

MWANACHUO: Mnisamehe wakubwa zangu. Jambo hili lilishapimwa hapa hapa Kenya. Mwaka 2001 na 2002, Busia na Teso, wasichana wa darasa la sita waliambiwa mapema: wale wa asilimia 15 ya juu kwenye mtihani watatuzwa. Shule inalipwa shilingi 500 za karo ya msichana, familia inapewa 1,000 za kununulia vifaa, kwa miaka miwili. Na msichana anaitwa mbele ya watu, kwenye hafla, apigiwe makofi. Waliochunguza ni Michael Kremer, Edward Miguel na Rebecca Thornton. Huyo Kremer ndiye aliyeshiriki Nobeli ya uchumi ya 2019.

KONDAKTA: Na ikawaje?

MWANACHUO: Busia alama zilipanda. Si za waliokuwa na nafasi ya kushinda peke yao, hata wasichana waliokuwa nyuma kabisa walipanda. Wavulana pia, na hawakuwa hata kwenye shindano. Walimu nao wakapunguza kukosa darasani. Teso matokeo hayakuwa wazi hivyo, na kule radi iliua wanafunzi shuleni mwaka huo wa 2001, shule kadhaa zikajitoa.

KONDAKTA: Mmesikia? Nobeli! Vitatu, kijana, chapa.

MAMA MBOGA: Ngoja kwanza. Mwaka 2001 elimu haikuwa ya bure. Kibaki aliileta 2003. Hiyo uliyoitaja si zawadi, mwanangu, ni karo. Mimi ukiniambia nikiuza nyanya vizuri utalipia mtoto karo miaka miwili, nitaziosha kwa sabuni.

Huyu mama angefaa kukaa kwenye jopo la kutetea tasnifu. Alichokigusa ni kwamba ile hafla ya Busia haikuwa cheti kitupu. Nyuma ya makofi kulikuwa na kitu kilichomwezesha msichana kubaki shuleni, na kila mtu kijijini, akiwamo mwalimu, alikuwa na sababu ya kumsukuma. Kinachotolewa Ijumaa hapa Githurai ni karatasi. Karatasi haiwezi kufanya kazi ya karo.

MWANACHUO: Sawa mama, basi upo utafiti wa karatasi pia. Marekani, Chuo Kikuu cha Stanford, 1973. Watoto wa chekechea waliopenda kuchora waligawanywa. Wengine waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe wakichora. Wengine walipewa cheti hicho hicho kwa kushtukiziwa, baada ya kuchora. Wengine hawakupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu za rangi zikawekwa tena mezani bila ahadi yoyote. Wale walioahidiwa walichora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Wale walioshtukiziwa hawakuharibika.

MWALIMU: Narudia nione kama nimekuelewa. Ukiwaahidi kwa jambo wanalolipenda, unawaua. Ukiwashtukizia, hawadhuriki.

MWANACHUO: Ndivyo ilivyoonekana kule.

MWALIMU: Basi nimefanya vizuri kunyamaza mwaka mzima.

Akafungua lile daftari. Naomba msomaji avumilie hapa, kwa sababu kwangu hapa ndipo mjadala ulipoanza hasa, na yote yaliyotangulia yalikuwa ni watu kusafisha koo. Tangu Januari, kila jioni kabla ya kushika njia ya nyumbani, mwalimu alikuwa akiandika mstari mmoja kuhusu mtoto mmoja. Hakuandika alama, aliandika tukio. Akatusomea machache, bila majina. Aliyerudisha kila kitabu cha maktaba ya darasa na jalada lake. Aliyemfundisha jirani yake kugawanya kwa vifuniko vya soda. Aliyeuliza kwa nini treni haipigi kona kali, akakataa jibu la kwanza. Aliyekosea hesabu ubaoni mbele ya wote, akarudi siku ya pili kuomba chaki tena.

"Kila mmoja anapata chake," akasema. "Si cha mwingine."

KONDAKTA: Ni nzuri, mwalimu, sikatai. Lakini unamfunika mtoto mwavuli ndani ya nyumba. Huko nje kuna mvua. Gredi ya 9 wana ule mtihani wa KJSEA, wa kwanza ulifanywa 2025, na shule ya upili wanayopangiwa inategemea huo. Hakuna shule itakayomchukua kwa sababu alirudisha kitabu na jalada.

MWALIMU: Gredi ya 6 pia wana KPSEA. Mitihani inakuja, na itawapanga bila msaada wangu. Huyu ana miaka tisa.

KONDAKTA: Na mimi nitajuaje kama hajui kusoma?

Mwalimu hakuwa na jibu la haraka, na kusema kweli hata mimi sina la kumtetea. Nimelifikiria swali la kondakta tangu jioni hiyo ya kubuni. Nadhani tunamwona kama mtu anayependa mashindano, kumbe analalamikia kitu kingine: ripoti. Ripoti haimwambii kwa Kiswahili cha kawaida kwamba mtoto anaweza kusoma ukurasa mzima lakini hawezi kusimulia alichosoma, au anajumlisha vizuri na kutoa kunamshinda. Kwa kuwa ripoti imekaa kimya, anataka siku ya zawadi iseme badala yake. Anatafuta kwenye jukwaa kile alichonyimwa kwenye karatasi. Mwambie ukweli huo Machi, uso kwa uso, na huenda Oktoba hatajali vyeti ni vingapi.

Mashindano yenyewe sina ugomvi nayo. Mbio za mita mia ziwe na mshindi, na aliyeshindwa ashindwe waziwazi. Watoto huzipenda kwa sababu hiyo. Mwenye shairi bora na alikariri mbele ya wazazi. Nisichokipenda ni ile namba moja inayojumlisha kila kitu, Hisabati pamoja na Sanaa pamoja na viatu alivyokuja navyo, ikamganda mtoto kama chapa ya ng'ombe. Mimi nilipata kuitwa wa tatu nikiwa darasa la tano. Nilipewa beseni la bluu. Mama alilifulia miaka mingi, na hadi leo ukiniuliza nilifanya nini mwaka ule kikanipatia beseni, sina hata jambo moja la kukutajia.

Wakati huo kijana wa saiba alikuwa anapiga chapa yale majina. Vidole vikasimama.

KIJANA WA SAIBA: Mwalimu, hizi tisa hazina kitu. Jina liko, mbele ni nafasi tupu.

Mwalimu alinyoosha mkono kama anayetaka kulichukua daftari, halafu akauacha mezani.

MWALIMU: Najua.

KIJANA WA SAIBA: Nina zile zilizo tayari. "Aliyeimarika Zaidi". "Nidhamu". "Heshima". Unachagua tu, naweka jina.

MWANACHUO: Au tumia ule umilisi wa mtaala. Uko saba. Mawasiliano, ubunifu, uraia, kujiamini...

MAMA MBOGA: Watoto tisa, umilisi saba. Wawili watashiriki?

Kama umewahi kufundisha, unajua tuzo ya nidhamu huwa ya nani. Mara nyingi si ya mtoto mwenye nidhamu. Ni ya mtoto ambaye mwalimu hakumbuki sauti yake. Watundu hawakuwa kati ya hao tisa. Watundu walikuwa na mistari yao, na mmoja alikuwa na mitatu. Wa kwanza darasani hawakuwemo, wala wanaoburura mkia, maana hao mwalimu huwapigania kila siku. Waliokuwemo ni wa katikati: anayeketi upande wa dirisha, anayefika kwa wakati, anayemaliza zoezi akapata sita kwa kumi, akafunga daftari. Mfumo wa kondakta wa vyeti vitatu usingewaona. Mfumo wa medali kwa wote usingewaona pia, ila ungewavisha utepe. Daftari la mwalimu ndilo pekee lililoonyesha kwamba hawaonekani, na lilionyesha kwa kuacha nafasi tupu. Kwa hiyo, ukiniuliza, nafasi zenye manufaa kuliko zote kwenye daftari lile zilikuwa hizo zisizo na kitu.

Kulikuwa na bibi mmoja kwenye benchi karibu na mlango. Alikuwa amekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mjukuu, na hakuwa amesema neno.

SHOSHO: Mwalimu. Wangu umemwandikia nini?

Mwalimu alimtazama, na nadhani ndipo alipomtambua.

MWALIMU: Bado, shosho.

SHOSHO: Bado nini?

MWALIMU: Bado sijamwandikia.

SHOSHO: Yumo kwa hao tisa.

MWALIMU: Yumo.

SHOSHO: Tangu Januari.

MWALIMU: Tangu Januari, shosho. Nisamehe.

Kondakta akaanza kusoma tangazo la bei za kopi ukutani, kwa makini ambayo bei za kopi hazijawahi kupewa.

KIJANA WA SAIBA: Shosho, niweke "Nidhamu"? Ni dakika moja tu, kinatoka kizuri, na nembo.

SHOSHO: Andika yako wewe. Wangu nidhamu gani? Ananimalizia sukari.

Watu wakacheka, hata mwalimu, ingawa yeye alicheka akiwa ameinamisha uso.

MAMA MBOGA: Lakini shosho, Ijumaa wenzake wataitwa.

SHOSHO: Waitwe. Kuliko asomewe kitu ambacho hakuna aliyekiona, akirudi aniulize, "Shosho, mwalimu alimaanisha nani?" Mwalimu, leo ni Jumanne. Una kesho na keshokutwa.

MWALIMU: Watoto tisa, siku mbili.

KONDAKTA: Si unawapeleka tu nje, wakiwa wachache, uwape kitu cha kufanya? Mpira. Au kupanga vitabu. Mimi abiria nikiwa nao kumi namjua kila mmoja anashukia wapi. Wakiwa thelathini na watatu naona nauli tu.

Mwalimu akalichukua daftari, akatoa kalamu, akaandika kitu pembeni mwa ukurasa ambacho hakutusomea. Hakusema kama kondakta amepata au amekosa. Treni ya jioni ilikuwa inakaribia; tulisikia honi yake, na wenye nyanya wakiitana kuvuta magunia.

KIJANA WA SAIBA: Sasa nichape ngapi, mwalimu?

MWALIMU: Thelathini na saba. Hizo nyingine tisa nipe karatasi tupu. Nitaandika kwa mkono.

KIJANA WA SAIBA: Karatasi tupu ni bei ile ile. Hii ni nene.

MWALIMU: Najua.

SHOSHO: Na mimi kopi mbili. Ile ya kwanza ilitoka na mstari mweusi katikati ya jina lake.